Mashine Mpya na Flashi ya Zamani: Namna ya Kusimika Seva ya Chama Bila Kupoteza Fedha za Wanachama

(Maelezo yaliyosomwa mbele ya makatibu na wajumbe wa Bodi za vyama vya msingi)



Chama cha ushirika huishi kwa vitu viwili: mzani na daftari. Mzani ukikosea, mkulima hupunjwa mbele ya macho yake. Daftari likikosea, hupunjwa pasipo kujua. Kwa miaka mingi daftari hilo lilikuwa la karatasi, likifungiwa katika kabati la Katibu. Siku hizi, katika vyama vingi, limo ndani ya kompyuta: jina la mwanachama, hisa zake, kilo alizoleta, namba ya stakabadhi yake, pembejeo alizokopeshwa na makato anayodaiwa. Kompyuta moja inayotunza hesabu hizo zote na kuzigawia kompyuta nyingine za ofisini kwa njia ya kebo huitwa seva.

Seva, kama kompyuta yoyote, ni chuma kitupu mpaka iwekewe mfumo endeshi. Vyama kadhaa vimechagua mifumo ya programu huria, kama vile Debian na Ubuntu, ambayo hailipiwi leseni na ambayo maandishi yake ya ndani yako wazi kwa yeyote anayetaka kuyasoma. Uchaguzi huo ni mzuri. Lakini iko saa moja katika kazi hiyo ambayo fedha za wanachama huweza kupotea na heshima ya viongozi kuchafuka bila sababu. Saa hiyo ni ile mfumo unapowekwa kwa mara ya kwanza katika mashine mpya. Maelezo haya yanahusu saa hiyo.

KISA CHA CHAMA KIMOJA

Chama kimoja cha wakulima wa kahawa kilipitisha katika mkutano mkuu fedha za kununua seva mpya, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa na tabia ya kuzimika yenyewe katikati ya msimu. Katibu alikusanya bei kutoka kwa wauzaji watatu, Bodi ikachagua, mashine ikanunuliwa. Ilikuwa mashine nzuri: prosesa ya kisasa, kumbukumbu ya kutosha, diski mbili. Fundi aliyeitwa kutoka mjini alikuwa mtu mwaminifu na mwenye kuijua kazi yake. Alikuja na flashi ileile aliyokwisha kuitumia kusimika seva nyingi, nayo ilikuwa na Debian toleo la 12.

Haikupita robo saa kioo kikatoa tangazo kwamba hakuna kadi ya mtandao iliyoonekana. Fundi akachomoa kebo, akaichomeka tena. Akabadili kebo. Akaanza kazi upya. Jibu likawa lilelile. Jioni akamwambia Katibu, "Bwana Katibu, mashine hii ina kasoro. Tundu la mtandao limekufa. Irudisheni kwa aliyewauzia."

Muuzaji naye hakukubali. Aliiwasha mashine kwa mfumo wa Windows iliyokuja nao, akaonyesha kwamba mtandao unapita bila shida, akasema kwamba mali iliyokwisha kufunguliwa hairudishwi. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Katika kikao cha Bodi mjumbe mmoja alitaka aelezwe kwa nini muuzaji huyo ndiye aliyependekezwa na Katibu. Mwingine akasimama na kusema, "Ndugu Mwenyekiti, tumeuziwa bati kwa bei ya dhahabu, na hapa kuna mtu amekula." Mwenyekiti, mzee aliyeuona ushirika tangu ujana wake, akamgeukia Katibu. "Mwanangu," akasema, "sema neno." Katibu hakuwa na neno la kusema, kwani hata yeye hakujua lililotokea. Muhtasari ukaandikwa kwamba manunuzi yachunguzwe. Wakati huo zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya wakulima kulipwa malipo ya pili, na seva ya zamani ilikuwa imezimika mara mbili siku hiyo hiyo.

Kumbe mashine ilikuwa nzima. Fundi alikuwa mkweli. Muuzaji alikuwa mkweli. Katibu hakuwa amekula senti. Kilichokosewa kilikuwa kimoja tu: mashine ilikuwa changa kuliko mfumo uliomo ndani ya flashi.

SABABU YAKE

Ndani ya kila mfumo endeshi mna kiini, ambacho mafundi hukiita kerneli. Kiini cha mifumo iliyotajwa hapa ni Linux, kazi iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki, na ambayo tangu hapo imeendelezwa na maelfu ya watu duniani kote. Kiini ndicho kinachosema na vyuma. Kwa kila aina ya chuma, iwe kadi ya mtandao au kidhibiti cha diski, lazima iwepo sehemu ya programu inayokifahamu chuma hicho. Sehemu hiyo huitwa draiva. Katika Linux, draiva nyingi huja zikiwa zimo ndani ya kiini chenyewe.

Matokeo yake ni rahisi kuyaelewa. Karani aliyepewa daftari la wanachama la mwaka juzi hawezi kulikuta jina la mwanachama aliyejiunga mwaka huu. Si kwamba mwanachama si halali, wala si kwamba karani ni mvivu. Daftari alilopewa liliandikwa kabla. Ndivyo ilivyo kwa kiini: mara nyingi hakiwezi kukitambua chuma cha aina mpya iliyotoka baada yake.

Sasa zitazamwe tarehe. Debian 12 ilitolewa tarehe 10 Juni 2023, na kiini chake ni 6.1, kilichotoka Desemba 2022. Kadi ya mtandao iliyokuwa ndani ya mashine ya chama kile ni Realtek RTL8126, aina mpya yenye uwezo wa kupitisha gigabiti 5 kwa sekunde. Draiva ya kadi hiyo iliingizwa katika kiini 6.9, kilichotoka Mei 2024. Kwa hiyo flashi ya fundi haikuweza kabisa kuiona kadi ile, hata angebadili kebo mia moja. Debian 13 ilitolewa tarehe 9 Agosti 2025 ikiwa na kiini 6.12. Flashi ya toleo hilo ilipoletwa, kadi ilionekana dakika ileile.

Mtu aweza kuuliza: kwa nini basi Debian haibadilishi kiini chake kila vyuma vipya vinapotoka? Viini vipya vya Linux hutolewa kila baada ya wiki 9 au 10. Jibu ni kwamba kutobadilika huko ndiko kunakokifaa chama. Toleo thabiti la Debian likishatoka, hubaki vilevile; linalofanywa ni kuziba nyufa za usalama na kusahihisha makosa. Mfumo wa hesabu uliofanya kazi jana utafanya kazi kesho. Toleo moja hutunzwa kikamilifu kwa miaka 3, kisha kikundi kingine hulitunza kwa miaka 2 zaidi, jumla miaka 5. Chama hakihitaji seva yenye kuleta mambo mageni kila mwezi. Kinahitaji seva ambayo mtu ataisahau kuwa ipo.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: umri wa mfumo na umri wa mashine vilingane. Mashine ikiwa mpya, litumike toleo thabiti lililo jipya kuliko yote. Nayo mashine ikiwa nzee mno, tatizo laweza kuja kwa upande wa pili. Debian 13, kwa mfano, haina tena flashi ya kusimikia kompyuta za kale za biti 32. Chama kinachopewa msaada wa kompyuta za namna hiyo kifahamu kwamba kinapewa kitu ambacho wakati wake umekwisha.

NJIA ZA KUTOKA KATIKA MKWAMO

Mfumo ukishindwa kukiona chuma, ziko njia za haki, na iko njia ya kuepukwa.

Njia ya kwanza ni kutumia toleo thabiti jipya zaidi, kama ilivyofanyika katika kisa kile. Hii ndiyo bora.

Njia ya pili ni kubaki na toleo lilelile lakini kukiweka kiini kipya zaidi. Debian hutunza ghala la pembeni lenye viini vipya vilivyotengenezwa kwa ajili ya toleo la awali. Ubuntu nayo hutoa toleo la muda mrefu kila baada ya miaka 2, mwezi wa Aprili, hulitunza kwa miaka 5, na kwa toleo hilohilo hutoa kiini kipya zaidi kwa ajili ya vyuma vipya. Katika flashi ya seva kiini hicho huchaguliwa kwenye menyu ya mwanzo kabisa. Ikiwa kadi yenyewe ya mtandao ndiyo isiyoonekana, fundi aje na kadi ndogo ya kuchomeka kwenye USB, ya aina iliyozoeleka, aitumie kwa muda kukichukua kiini kipya.

Njia ya tatu ni kununua kadi nyingine ya mtandao ya aina inayofahamika na kuipachika ndani ya mashine. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya mashine nzima.

Njia ya kuepukwa ni kupakua draiva kutoka mahali pasipojulikana na kuishindilia ndani ya mfumo kwa mkono. Hiyo yaweza kufanya kazi siku ile fundi yupo. Kisha siku moja mfumo hupokea kiini kipya cha usalama, draiva ile haijengwi upya, na asubuhi yake ofisi nzima haina mtandao. Fundi yuko mjini, na wakulima wamepanga foleni.

FIMWEA, NA KURA ZA WANACHAMA

Liko jambo la pili lililowasumbua wengi. Vyuma vingi, hasa kadi za mtandao usio na waya, huhitaji mbali na draiva kijiprogramu kidogo kiitwacho fimwea, kinachoingizwa ndani ya chuma chenyewe kila kinapowashwa. Fimwea nyingi ni mali ya watengenezaji na maandishi yake hayako wazi. Kwa sababu hiyo flashi rasmi za Debian hadi toleo la 11 hazikuwa nazo, na fundi alilazimika kuzitafuta kando.

Namna jambo hilo lilivyotatuliwa yafaa ijulikane na wanaushirika. Debian haimilikiwi na kampuni. Ilianzishwa na Ian Murdock mwezi Agosti 1993, na ina wanachama wanaojitolea, wanaomchagua kiongozi wao kila mwaka kwa kura. Tangu mwaka 1997 ina Mkataba wake wa Kijamii, ambao ni kama masharti ya chama. Mwaka 2022 wanachama walipiga kura wakaubadili Mkataba huo, ili flashi rasmi iweze kubeba fimwea zisizo huria pale vyuma vinapozihitaji, huku mtumiaji akiarifiwa na kuachiwa nafasi ya kuzikataa. Debian 12 ikawa toleo la kwanza kutoka chini ya uamuzi huo. Walikuwapo waliopenda msimamo wa zamani ubaki, na walikuwapo waliotaka mabadiliko. Wakajadiliana, wakapiga kura, kazi ikaendelea. Mwanaushirika yeyote aliyewahi kukaa katika mkutano mkuu anaufahamu utaratibu huo.

Swali la nani mwenye uamuzi si dogo. Mfumo mwingine huria, CentOS Linux 8, ulitarajiwa na watumiaji wake kutunzwa hadi mwaka 2029. Mwezi Desemba 2020 ilitangazwa kwamba utunzaji utakoma tarehe 31 Desemba 2021. Ofisi nyingi duniani zilijikuta zina mwaka mmoja tu wa kuhamisha kazi zao. Haitoshi, basi, kuuliza kama mfumo ni wa bure. Iulizwe pia ni nani anayeutunza, kwa muda gani, na nani anaweza kuubadili muda huo.

MALANGO MATATU YA MASHINE MPYA

Kabla ya mfumo kuwekwa, mashine mpya ina malango matatu ambayo fundi asiyeyazoea hukwama hapo. Yote yamo katika mipangilio ya mashine yenyewe, ile inayofunguliwa kwa kubonyeza kitufe mara tu mashine inapowashwa.

Lango la kwanza ni namna ya kuwaka. Mashine za kale ziliwaka kwa utaratibu uitwao BIOS. Mashine mpya huwaka kwa UEFI, na nyingi hazina tena utaratibu wa kale. Flashi na iwashwe kwa UEFI tangu mwanzo. Tena mpangilio wa kale wa kuigawa diski haukuweza kutumia zaidi ya TB 2 hivi. Aliyenunua diski ya TB 4 akaipanga kwa mtindo wa zamani amenunua shamba na kulima nusu yake.

Lango la pili ni Secure Boot, yaani kinga inayozuia mashine kuwaka kwa programu isiyo na sahihi inayotambulika. Debian imeweza kupita katika lango hili tangu toleo la 10, la mwaka 2019, kwa sahihi inayotolewa na Microsoft kwa ajili ya mifumo ya watu wengine. Baadhi ya mashine mpya hufika zikiwa zimezimwa ruhusa ya sahihi hiyo ya watu wengine. Fundi mwenye haraka huizima kinga yote. Inayotakiwa ni kuwasha ruhusa ile moja na kuiacha kinga ikae mahali pake. Mwenye nyumba haondoi mlango kwa sababu mgeni wake hana ufunguo.

Lango la tatu ni diski. Katika mashine kadhaa zenye prosesa za Intel, diski hupangwa kiwandani chini ya kidhibiti kiitwacho VMD au chini ya mpango wa RAID wa Intel, na flashi ya kusimikia huweza kusema kwamba hakuna diski yoyote. Diski ipo. Mpango huo ukizimwa katika mipangilio, huonekana. Lakini hadhari: ikiwa mashine tayari ina Windows yenye hesabu za chama, kuubadili mpango huo huweza kuifanya Windows isiwake tena. Hesabu zinakiliwe kwanza, ndipo mkono uguse kitu.

KABLA YA KULIPA

Hakuna chama kinachonunua mzani mpya na kuanza kuutumia siku ileile. Mzani hupimwa, hugongwa muhuri na Wakala wa Vipimo, ndipo mkulima huweka gunia lake juu. Seva ipewe heshima hiyohiyo.

Katika karatasi ya kuombea bei pasiandikwe tu "kompyuta nzuri ya kisasa". Iandikwe aina ya kadi ya mtandao, aina na idadi ya diski, na jina la mfumo na toleo lake ambalo mashine itapaswa kulibeba. Iongezwe sentensi moja: mashine itajaribiwa kwa mfumo huo mbele ya mnunuzi kabla ya malipo. Kisha Katibu na fundi waende dukani na flashi. Flashi ikiwashwa na kufikishwa hatua ya kutafuta mtandao na ya kuorodhesha diski, bila kugusa lolote lililomo, ukweli wote utakuwa umeonekana. Jaribio hilo huchukua dakika chache. Chama kile cha kahawa kingelifanya, kisingekuwa na kikao cha kutuhumiana.

Flashi yenyewe nayo ihakikishwe. Faili lichukuliwe kutoka ghala rasmi la mradi, si kutoka kwa rafiki wa rafiki. Pamoja na faili hutolewa alama yake ya uhakiki, mstari wa herufi na tarakimu 128, ambao fundi huulinganisha na ule unaotoka katika faili alilolipata. Mstari ukitofautiana hata kwa herufi moja, faili litupwe. Mahali ambapo intaneti ni dhaifu, lisitumike lile faili dogo linalotegemea kuchota mengine mtandaoni. Ichukuliwe mjini DVD ya kwanza ya Debian, ambayo hutosha katika flashi ya GB 8 na huweza kusimika seva bila intaneti kabisa.

KUSIMIKA NA KUHAMISHA HESABU

Usimikaji wenyewe hauna mambo mengi ya kueleza, kwa kuwa mfumo huuliza maswali na fundi hujibu. Mambo manne tu yasiachwe yapite.

Kwanza, seva haihitaji madirisha na picha. Panapoulizwa, mazingira ya mezani yasichaguliwe. Ziwekwe zana za kawaida na huduma ya SSH ya kuiendeshea seva kutoka kompyuta nyingine. Kadiri vitu vinavyokuwa vichache, ndivyo vya kuharibika vinavyopungua.

Pili, diski mbili zipangwe ziakisiane, kila kinachoandikwa katika moja kiandikwe na katika ya pili. Hapa pana mtego. Sehemu ndogo ya kuwashia mashine kwa UEFI, kwa kawaida, huwekwa katika diski ya kwanza tu. Diski hiyo ikifa, ya pili itakuwa na hesabu zote lakini mashine haitawaka. Fundi ainakili sehemu hiyo katika diski ya pili, kisha azime mashine, aichomoe diski ya kwanza mbele ya Katibu, na awashe. Ikiwaka, kazi ni sahihi.

Tatu, diski kuakisiana si akiba. Karani akifuta jina kwa bahati mbaya, litafutika katika diski zote mbili kwa wakati mmoja. Lazima iwepo nakala nje ya mashine, na moja zaidi nje ya jengo. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa katika mashine nyingine na kusomwa ni tumaini tu. Irudishwe na isomwe walau kila baada ya miezi mitatu, na tarehe iandikwe.

Nne, maneno ya siri na maelezo ya namna seva ilivyosimikwa yasikae katika kichwa cha fundi. Yaandikwe, yatiwe katika bahasha, bahasha ipigwe lakiri na kufungiwa katika kasha la chama, kama ufunguo wa akiba. Pawepo pia daftari la mashine: siku iliyosimikwa, toleo la mfumo, namba ya kiini, siku utunzaji wa toleo hilo utakapokoma. Tarehe hiyo ya mwisho isomwe katika Bodi kila mwaka, ili bajeti ya kuhamia toleo jipya itengwe mapema.

Kuhusu kuhamisha hesabu, ushauri ni mmoja: mashine ya zamani isizimwe mpaka mpya imethibitika. Hesabu zinakiliwe. Kwa mwezi mmoja mzima kila stakabadhi iingizwe kote kuwili. Mwisho wa mwezi jumla ya kilo, jumla ya fedha na idadi ya wanachama zilinganishwe. Zikilingana, kamati ya usimamizi itie sahihi. Ni kazi ya kuchosha, lakini ni nyepesi kuliko kumweleza mjane kwa nini kilo zake hazionekani. Na kwa kuwa ndani ya diski ya zamani yamo majina na madeni ya watu, ambayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayalinda, diski hiyo isiuzwe wala kugawiwa kabla ya kufutwa kabisa.

MWISHO WA KISA

Katibu wa chama kile, baada ya siku mbili za kukosa usingizi, alifanya jambo moja la busara. Alimwomba fundi aandike katika karatasi jina kamili la kadi ya mtandao na namba ya kiini kilichomo katika flashi. Fundi alipoviweka vitu hivyo viwili bega kwa bega, na kutafuta ni kiini kipi kilichoanza kuifahamu kadi ile, akalipata jibu mwenyewe. Alirudi na flashi ya Debian 13, akasimika, na hakudai ujira wa mara ya pili. "Nilikuwa nimeizoea flashi yangu," alisema.

Hesabu zikahamishwa usiku na mchana, safari hii pasipo nafasi ya kungoja mwezi mzima, na makarani wawili wakazilinganisha ukurasa kwa ukurasa na daftari la karatasi. Malipo ya pili yalichelewa kwa siku nne. Wakulima walinung'unika, nao walikuwa na haki. Katika kikao kilichofuata, mjumbe aliyesema kwamba kuna mtu amekula alisimama na kuomba maneno yake yaondolewe. Mwenyekiti akajibu kwamba muhtasari haufutwi, huongezewa. Ikaandikwa kwamba manunuzi yamechunguzwa na Katibu ameonekana hana kosa, na kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mashine itakayolipiwa kabla ya kujaribiwa kwa mfumo utakaotumika.

Ndugu makatibu, azimio hilo la mistari miwili halina gharama yoyote. Kila chama chaweza kulipitisha katika kikao chake kijacho, kabla muuzaji hajabisha hodi.